Jipu la Kumpeleka Mama Nangina

Jumatano, 1 Oktoba 1997

Mvua tena. Maji yameingia ofisini hapa mpakani mpaka chini ya meza. Malori yamejipanga kuelekea Uganda na kila dereva anataka karatasi zake zigongwe muhuri kwanza. Nimesema "ngoja, boss" mpaka ulimi umekauka.

Salamu kutoka nyumbani kwa mama, Sigalame, zimeletwa na mwalimu jirani yake. Mama hakwenda kufungwa kidonda tena. Kile cha mguuni, cha sukari. Daktari wa hospitali ya misheni pale Nangina alimwambia aende mara mbili kwa wiki bila kukosa. Ataendaje? Barabara imekuwa uji. Boda boda wanataka akae kwenye baiskeli akunje mguu, na mguu wenyewe haukunjiki. Juzi walianguka wote, yeye na baiskeli na mwenye baiskeli.

Kumleta kwangu hapa Busia hakuwezekani. Mama hawezi kulala nyumbani kwa mkwe wake. Kwetu hilo halina mjadala. Kwa kaka yangu Ojiambo, mke wake na mama hawasemezani. Basi ni gari. Mwaka mzima tunasema gari, gari. Nimechoka na mdomo.

Jumamosi, 4 Oktoba

Kikao dukani kwa Ojiambo, katikati ya magunia ya sukari. Tumekubaliana. Pesa nyingi zinatoka kwangu na kwa mume wangu Wandera, yale malipo aliyopewa kampuni ya malori ilipomwachisha kazi. Kidogo zinatoka kwa Ojiambo. Jina kwenye kadi ya gari litakuwa la nani? La Ojiambo. Ati yeye ndiye mwanamume wa boma. Nilimeza mate. Mguu wa mama haujui jina la kadi.

Ojiambo anataka gari jeupe. Hajui kuendesha hata baiskeli, lakini rangi anaijua.

Mimi nimesema ninachotaka. Jipu, lile la kadiri, si kubwa la wakubwa wala si kile kidogo cha milango miwili. Lenye chesisi yake kama lori, bodi imekaa juu yake. Saluni itaacha tumbo lake kwenye jiwe la kwanza baada ya lami. Gia ya kuvuta magurudumu yote manne. Kiti cha katikati mtu mzima aweze kunyoosha mguu. Dizeli. Basi.

Wandera alisikiliza, akasema, "Umesema yote." Ninampenda akisema hivyo.

Jumanne, 7 Oktoba

La kwanza, uwanja wa malori hapa hapa Busia. Jeupe! Ojiambo alishaanza kuzunguka akijitazama kwenye kioo cha mlango. Broka alikuwa na maneno matamu na viatu vilivyochongoka. "Mama, hii ni ya daktari wa wanawake. Imeendeshwa pole pole."

Nikafungua mlango wa nyuma, nikainua kapeti. Broka akaacha kucheka. Chini ya kapeti kulikuwa na mchanga laini, ule unaobaki maji yakishuka. Nikavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Huko mwisho ulikuwa na mstari wa tope. Gari hili limezama mahali fulani, limeoshwa, limepuliziwa manukato. Nyaya zake zitaoza moja moja.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na hiki kilikuwa na viatu vyake kabisa.

Ojiambo aliniambia nimemwaibisha mbele ya watu. Jamani. Si mimi niliyelizamisha.

Jumamosi, 11 Oktoba

Malaba. Tope mpaka magotini, malori kila mahali, harufu ya dizeli na samaki wakavu. Jipu la pili, rangi ya kijani, lina bampa la mabomba mbele kama zizi la ng'ombe. Ojiambo alilipenda kabla hatujafika karibu.

Moshi mzuri. Injini haigongi. Klachi inashika. Mambo ya ndani safi, viti vya watu saba, viwili vya nyuma kabisa vinatazamana kama vya polisi. Nikasema moyoni, Mungu ametukumbuka.

Wandera akatandika gunia akaingia chini. Akakawia huko. Wandera hakawii bure. Nikavua viatu, nikaingia na mimi, na sketi yangu ya kazini. Wanaume wa Malaba walipiga mbinja. "Sister, umepoteza heleni?" Wacheke tu.

Wandera alikuwa ameshika chesisi nyuma ya gurudumu la mbele. Kulikuwa na mshono wa kuchomelea, umepakwa lami nyeusi usionekane. Upande wa pili vile vile. Gari hili lilikatika, au ni mawili yaliyooana. Kwa gari la namna hii chesisi ndiyo uti wa mgongo. Mlango ukiharibika unanunua mlango. Uti wa mgongo unaununua wapi?

Ojiambo akasema, "Kila gari limechomelewa mahali." Tuligombana njiani. Akasema mwanamke aliyelala chini ya gari mbele ya wanaume hana adabu. Nikamwambia kaka anayetaka kumpandisha mama yake kwenye gari lililokatika, huyo naye tumwiteje? Wandera akanibonyeza mkono ninyamaze.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimelipata. Haki ya Mungu nimelipata.

Ni la Mama Ruth, mama wa Uganda anayeuza vitenge hapa mjini. Ushuru umelipwa, namba ya Kenya. Rangi yake ni mbaya, kama chai iliyosahauliwa. Mlango mmoja umebonyea. Kwa hiyo halina wa kulitaka. "Nyabo, tazama mpaka uchoke," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda, akarudi kwenye vitenge vyake. Nilimwamini kwa sababu hakunifuata.

Chesisi nzima. Kutu ya juu juu tu, ya kukwaruza kwa kucha. Oili safi. Moshi mweusi kidogo likiamka, kisha hakuna. Wandera akalipeleka kwenye kile kilima cha udongo mwekundu nje ya mji, mahali malori yanakwama. Akatia gia ndogo, ile ya kuvuta manne. Likapanda kama mbuzi. Nilipiga makofi kama mtoto.

Mabaya yake nayaandika nisije nikajidanganya. Linakunywa dizeli. Linarusha kama punda, springi za nyuma ni za lori. Liko juu mno, kwenye kona linalala upande, watoto watatapika. Viti vya nyuma kabisa ni vya watoto tu, na kuingia ni kwa mlango wa nyuma wenye gurudumu la akiba. Si gari la raha. Ni gari la kufika.

Halafu nikafanya jaribio langu. Nikakaa kiti cha katikati, mgongo kwenye mlango, nikanyoosha mguu wa kushoto kama wa mama. Ukaenea. Nikamwambia Wandera aendeshe kwenye mashimo. Mguu ulibaki juu ya kiti. Kupanda tu ndiko shida, hatua ya kwanza inanifika pajani. Fundi seremala atanitengenezea kigoda.

Ojiambo alitazama rangi akaguna. Akakubali. Nimefurahi leo. Niandike hivyo, maana siandiki mara nyingi.

Jumapili, 19 Oktoba

Hasira. Aibu. Sijui nianze na ipi.

Tulikwenda Sigalame baada ya misa kumwonyesha mama gari na kesho yake liwe la kwenda Nangina. Wandera alilisimamisha barabarani, nje ya lango, kama mkwe anavyotakiwa. Ojiambo akaingia bomani akiwa na kadi mfukoni. Majirani wakaja. Vigelegele. Mama akatoka na fimbo yake, akaligusa gari kwa kiganja. Akakanyaga kigoda, tukamwinua, akakaa. Mguu ukanyooka vile vile nilivyopima. Akasema, "Mwanangu, hapa hata naweza kusali." Nikataka kulia.

Kisha Wandera akatoka chini ya kivuli cha mikaratusi kuja kwenye usukani.

Mama akamwona. Akajifunika uso kwa leso. "Anayeendesha ni nani?"

Nikasema, "Ni Wandera, mama. Nani mwingine?"

"Nishusheni."

Alishuka bila kigoda. Karibu aanguke. Akanivuta nyuma ya jiko akaniambia kwa sauti ya chini, "Taaka, mimi nikae nyuma ya shingo ya mkwe wangu? Ndani ya sanduku la vioo? Unataka anione nikiwa uchi?" Nikamwambia gari si kitanda, mama, wewe ni mtu wa kanisa. Akasema, "Kanisa silo lililokuoza kwake. Boma hili ndilo lilikuoza."

Wandera alikuwa amesharudi kwenye mikaratusi. Amegeuza mgongo. Ojiambo akauliza mbele ya watu wote, "Sasa dereva atatoka wapi?" Kana kwamba mimi ndiye niliyemkataza kujifunza kuendesha.

Nilichunguza chesisi. Nilichunguza moshi, kapeti, springi, mikanda. Mama sikumchunguza.

Jumatatu, 20 Oktoba

Wandera anasema alidhani Ojiambo ataajiri dereva. Ojiambo anasema alidhani dereva ni Wandera, bure. Mimi nilidhani mama ataelewa. Wote tunajua kwamba hawezi kulala kwangu, kwamba hajawahi kumpa Wandera mkono, kwamba hata kwenye harusi yetu walikaa pande mbili za hema. Tukaenda tukanunua chumba kidogo chenye magurudumu tukasema waingie wote wawili.

Wajinga. Na mimi wa kwanza.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimeshona pazia la kitenge, la kutenga viti vya mbele na vya katikati. Nimelibeba mpaka Sigalame. Mama alilishika, akausifu mshono. Kisha akakataa.

Leo alisema ukweli. Tulikuwa peke yetu, ninamfungua kidonda. "Si macho yake tu," akasema. "Mguu unanuka, Taaka. Pazia linazuia harufu?"

Unanuka kweli. Mimi mwanawe nilikuwa napumua kwa mdomo, na alikuwa ameona.

Nilimwambia kwamba Wandera hajali harufu, amebeba ngozi mbichi na samaki miaka yote. Akanitazama kama niliyemtukana. "Yeye hajali. Mimi je?"

Ninamkasirikia. Ndiyo, ninamkasirikia mama yangu mgonjwa. Aibu yake ni kubwa kuliko mguu wake.

Jumanne, 11 Novemba

Ojiambo hatimaye ameleta dereva. Kijana mpole, anatoka upande wa Malaba, ana leseni ya juzi. Wandera alimwonyesha gia ya magurudumu manne. Akasema ndiyo, ndiyo. Wale wa ndiyo ndiyo.

Walipofika kwenye kijito chini ya Sigalame aliingia na gia ya lami. Gari likazama mpaka milangoni. Mama alitolewa kupitia dirishani, akarudishwa nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe. Bandeji ikalowa maji ya kijito. Kijana akaacha ufunguo kwa mama akaenda zake kwa miguu.

Wandera alikwenda kulitoa. Alitia gia ndogo, likatoka lenyewe. Gari halina neno. Jambo hilo ndilo linaniuma zaidi. Halina neno kabisa.

Jumapili, 23 Novemba

Gari liko wapi? Linazunguka na watu wa siasa. Ojiambo amelikodisha kwa mgombea mmoja, na anayeliendesha ni dereva wa mgombea. Limebandikwa picha kwenye boneti, lina vipaza sauti juu. Nilimfuata dukani. "Si limekaa tu?" akasema. "Mama hapandi. Wacha lilete kitu."

Nikamwambia dereva huyo wa mgombea angeweza kumpeleka mama. Akasema, "Baada ya kura."

Nilimwita jina ambalo sitaliandika hapa. Mke wake alisikia. Wateja walisikia. Sijutii.

Nimeanza kujifunza kuendesha kwa lori bovu la rafiki ya Wandera, uwanjani. Nimegonga mlingoti wa goli. Nitajua lini? Mvua haikomi, redioni wanaiita Elinino. Kidonda nacho hakingojei nipate leseni.

Alhamisi, 27 Novemba

Mwalimu amekuja ofisini mwenyewe, amelowa. Vidole vya mguu wa mama vimekuwa vyeusi. Ana homa, anaongea na marehemu baba. Mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo niliisema kwa sauti pale ofisini, kisha nikataka kujikata ulimi.

Wandera hakuuliza mtu. Alikwenda mkutanoni, akamshusha dereva wa mgombea kwa mkono, akabandua picha. Amenipitia ofisini. Naandika haya nikimngoja ajaze dizeli.

Ijumaa, 28 Novemba

Nangina. Naandika kwenye benchi nje ya wodi.

Jana tulimkuta mama kitandani. Nilipomwambia gari liko langoni hakuuliza anayeendesha. Alijua. Alisema, "Nifunike." Nikaleta leso. Akasema, "Yote." Nikaleta shuka, nikamfunika kuanzia kichwani mpaka miguuni. Majirani wakambeba hivyo. Wandera alikuwa ameshakaa, anatazama mbele. Alikuwa amegeuza kile kioo cha ndani kikatazama juu, kwenye paa. Madirisha yote ameyashusha, mvua inamwingia.

Nilikaa sakafuni kati ya viti, nimemshika mama asiteleze. Alikuwa anawaka moto chini ya shuka. Harufu ilijaa. Hakuna aliyekohoa. Wandera aliendesha kwenye lile tope kama anayebeba mayai, gia ndogo, manne yanavuta, na kile kijito tulikipita.

Barabarani watu walisimama tulipopita. Wanaume walivua kofia. Mama mmoja alianza kulia kilio cha msiba, akatukimbilia, akipiga kelele, "Ni nani? Ni nani amelala?" Nikataka kumfokea kwamba yuko hai. Lakini mama akanifinya mkono kutoka chini ya shuka. Nisiseme. Afadhali wamdhanie maiti. Maiti haina mkwe.

Nililia njia nzima. Wandera alinisikia, na hakugeuka hata mara moja.

Daktari ni mtu mzuri. Alisema ukweli bila kuzunguka. Mguu hauponi. Utakatwa juu ya goti, leo. Ojiambo ndiye alitakiwa kuweka sahihi, hajafika. Nimeweka mimi.

Jumatatu, 1 Desemba

Amefumbua macho. Amekunywa uji. Ameniuliza kama kuku wamefungiwa. Mguu hajauulizia.

Ojiambo amekuja na soda na mikate, na maneno. Anataka kujua nani alibandua picha za mgombea, mkataba umevunjika. Nikamwambia atoke nje ya wodi. Akatoka. Kumbe anaweza kutii.

Wandera anashinda chini, kwenye gari. Hapandi wodini. Analeta maji ya moto, anayaacha mlangoni, anarudi. Sista mmoja aliniuliza kwa nini dereva wetu ni mwenye haya hivyo. Nikamwambia si dereva.

Jumamosi, 20 Desemba

Ameruhusiwa leo. Mvua imepumzika, kuna jua kidogo. Sista alimsukuma mama kwenye kiti cha magurudumu mpaka uwanjani. Nilikuwa nimebeba shuka, limekunjwa, tayari. Nilikuwa nimebeba pia lile pazia la kitenge.

Wandera alipotuona alishuka akaanza kuondoka, akimtafuta mlinzi wa hospitali ambaye amesema anaweza kuendesha. Walikuwa wameshapatana.

Mama alimtazama akienda. Kwa mara ya kwanza nilimwona anamtazama, mgongo tu, lile shati la bluu. Sketi yake ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa pini upande mmoja. Niliinama nimfunike.

Akausukuma mkono wangu.

"Wacha," akasema. "Kilichokuwa kinanuka nimekiacha hapa hospitalini."

Nikasimama na shuka mkononi kama mpumbavu.

"Mwite mkwe wangu aje awashe gari," akasema. "Huyo mlinzi simjui."

Nilimwita. Wandera akaja akitazama chini, akamwinua mama yangu kwa mikono yake miwili, akamweka kwenye kiti. Mama akamshukuru kwa kichwa. Hakuwa mzito, Wandera aliniambia baadaye.